Sifa za Barabara ya Mawe ya Kirotshe

Watu hupenda kusifu vitu ambavyo tayari vina wenye kuvisifu: Ziwa Kivu, jibini ya Masisi, ng'ombe wa Mushaki. Sijamsikia hata mmoja akifungua kinywa kuisifu barabara ya huku kwetu mashariki mwa Kongo inayotoka Sake, ikapita Kirotshe, ikakata Shasha na Bweremana hadi Minova, wala dada yake inayopanda Mushaki kuelekea Masisi na, Mungu akipenda na mvua ikikataa, Walikale. Kila anayeipita huitukana. Madereva huitukana kwa Kiswahili, wakubwa kwa Kifaransa, na mbuzi waliofungwa juu ya lori kwa lugha yao. Leo naichukua kesi yake mimi, bila malipo.

Nianze na shahidi wa mbali, maana mtu akisifu cha kwao haaminiki. Huko Toscana, Italia, kuna vilima vya mizabibu, mizeituni na vichaka vikavu vyenye miiba, na katikati yake zinapita njia nyeupe za kokoto. Mwaka 1997 bwana mmoja, Giancarlo Brocci, alianzisha L'Eroica, safari ya baiskeli za kizamani, ili njia hizo zisije zikamwagiwa lami. Soma tena, ndugu msomaji: zisije zikamwagiwa lami. Mwaka 2007 yakafuata mashindano ya wanaolipwa kwa kazi hiyo, Strade Bianche, na mwaka 2022 baiskeli za kokoto zikapata ubingwa wao wa dunia, hukohuko Italia, Veneto. Siku hizi Mzungu ananunua baiskeli ya dola elfu kadhaa yenye tairi pana za kumeza mtikiso, anapanda ndege, analipa hoteli, kisha anawauliza wenyeji: njia mbovu iko wapi? Hapa kwetu mgeni hajawahi kupata taabu ya kuuliza.

Majirani wamekwisha kuamka. Kenya wana Migration Gravel Race tangu 2021, watu wanakimbizana na vumbi la Maasai Mara. Kigali ilipopokea ubingwa wa dunia wa baiskeli Septemba 2025, mara ya kwanza Afrika, mabingwa walipandishwa kilima cha Kimihurura juu ya mawe, na dunia nzima ikapiga makofi. Mawe yenyewe yamepangwa kwa mkono, moja baada ya jingine, kama meno ya mtoto wa tajiri. Ya kwetu hayakupangwa na mtu. Yalijipanga yenyewe, na kila mvua huyapanga upya, kwa hiyo mwendeshaji hawezi kulalamika kwamba ameizoea njia. Na kama anatafuta vilima, anaanzia kando ya ziwa, lililoko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, anapanda hadi malisho yanayozidi mita 2,000, tena bila kununua tiketi ya kushiriki.

Lakini sifa kubwa ya barabara hii ni kizazi chake. Itazame chukudu, mtoto wake, kwa karibu. Ni ubao mrefu, magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa ukanda wa tairi kuukuu, na pembe mbili mbele za kushikia. Haina pedali, haina mnyororo, haina injini. Katikati ya ubao kumepigiliwa kipande cha mpira, mara nyingi kandambili iliyostaafu: hapo ndipo mwenye chombo huweka goti, mguu wa pili ukisukuma ardhi. Breki ni kipande cha tairi kinachoning'inia karibu na gurudumu la nyuma. Akikikanyaga kwenye mteremko wa Mushaki, akiwa na magunia ya makala na viazi yenye uzito wa kilo mia kadhaa, harufu ya mpira unaoungua hutangulia kufika Sake, yeye akifuata. Mwaka 2009 Rais Joseph Kabila alizindua mjini Goma sanamu ya rangi ya dhahabu ya mwendesha chukudu, na mzunguko wa barabara inaposimama umechukua jina la chukudu. Vizuri. Ila nauliza: mtoto amejengewa sanamu, mama yake yuko wapi? Nani angekaa chini achonge gurudumu la mti, kama si barabara iliyoyakataa magurudumu mengine yote? Lami ingekuwapo, tungekuwa na malori tu, kama watu wengine wasio na kipaji.

Tena barabara hii ni mwalimu. Kabla hujaifikia, kati ya Goma na Sake, unapita juu ya mawe meusi ya volkano. Mlipuko wa Nyamulagira ulioanza mwaka 1938 na kuendelea hadi 1940 ulituma mto wa moto ukafika ziwani karibu na Sake. Ukivuka Sake kuja Kirotshe, mambo ya moto yanaisha na mlima mzee unaanza, miamba yenye umri wa mamia ya mamilioni ya miaka. Kwingine mtu hulipa karo ya chuo ili ajue tofauti hiyo. Abiria wetu huisoma kwa makalio, na akifika Bweremana hahitaji mtihani.

Na usawa! Sijui katiba yoyote iliyowahi kuwafanya watu wawe sawa kama mlango wa Shasha siku ya mvua. Gari jeupe la shirika lenye antena mbili, moto, yaani pikipiki, iliyobeba watu watatu na godoro, mama mwenye kitunga cha samaki wa sambaza, bata aliyetoka kutafuta chakula: wote wanakwenda mwendo mmoja, na mara nyingi bata anatangulia. Mheshimiwa anayekuja kuahidi lami hulazimika kushuka na kuvua viatu ili gari lake lipite likiwa jepesi. Ni nafasi pekee ambayo wapigakura humwona miguu. Kwenye vilima mazungumzo ya motari na abiria wake hufika mahali ambapo hayafiki kwenye lami:

«Mama, ushuke kidogo, hapa moto itapanda yenyewe.»

«Mutoto wangu, nilikulipa unibebe ao nikusindikize?»

Sijataja ajira. Kila shimo kubwa lina wafanyakazi wake, watoto wenye jembe moja na kopo, wanaochota udongo ukingoni na kuujaza ndani gari linapotokea. «Papa, utuachie hata mia tano!» Gari likipita, udongo unaruka nje, na kazi inaanza upya. Waliosoma uchumi huko Kinshasa wanahangaika kutafuta kazi ya kudumu kwa vijana. Wangeteremka hapa wajionee. Kuna mafundi wa spring na wachomeleaji, kuna wenye kusukuma malori kwa mapatano, kuna akina mama wanaouza mahindi ya kuchoma mahali gari linapokwama, maana gari hukwama palepale kila mara, na mtu mwenye akili hujenga kibanda chake hapo. Barabara nzuri ingewapitisha wateja wote hao wakiwa wameshiba.

Wapo wanaosema barabara hii inafanya hata kazi ya mkunga. Kirotshe kuna hospitali kuu ya rufaa, na wajawazito kutoka vijiji vya juu huletwa kwa moto, wengine kwa kipoyi juu ya mabega ya wanaume wanne. Kuna watoto ambao hawakusubiri kufika. Hapa ulimi wa wakili unakuwa mzito, kwa hiyo naruka.

Jambo moja nitalisema bila mzaha. Mwezi wa pili mwaka 2024 vita vilipofika Shasha na njia ikakatika, Goma nzima ilijua siku ileile barabara hii ilikuwa inabeba nini. Maharagwe yalipanda bei, makala yakapanda, na mihogo ikaadimika sokoni. Watu walioitukana miaka yote wakaanza kuiulizia kama mtu anavyomuulizia mgonjwa wa nyumbani: imefunguliwa? nani amepita? amepitaje? Mawe yalikuwa yaleyale, mashimo yaleyale, na mtu angetoa chochote apate kutikiswa tena.

Wapinzani wangu watauliza kuhusu fedha. Ni kweli kwamba msafiri wa huku hulipa kwenye kizuizi kimoja, akalipa kwenye kinachofuata, na kila kamba inayovutwa katikati ya njia ina sababu yake na risiti yake, au haina risiti. Miaka mingi mtu amekuwa akilipia matengenezo ya kitu ambacho hakitengenezwi. Lakini hata hapo naitetea: barabara haikupokea hata faranga moja. Katika wote wanaoishi kwa njia hii, yenyewe ndiyo pekee yenye mikono safi, ingawa ina matope hadi shingoni.

Basi natoa pendekezo, na naomba mwenye njia ya kufikisha barua Toscana anisaidie. Ninyi mna lami msiyoitaka, sisi tuna mawe tuliyoyatumia vya kutosha. Tubadilishane. Tutawapa mawe ya Kirotshe, makali upande mmoja, yaliyozoea watu, pamoja na matope ya akiba kwa ajili ya mashindano ya kimataifa. Ninyi mtuletee lami, na pamoja nayo mtu wa kuisimamia hadi ifike chini, maana lami yetu ina tabia ya kupotea njiani. Sanamu hatudai. Mizigo ipitie Goma kabla ya Septemba. Baada ya hapo mvua zinaanza, na atakayechelewa atasubiri Sake.