Atarudi, Nawahakikishia

Mpwa wangu ana shahada ya uzamivu katika fizikia ya nyota, na bado mamake humtuma dukani kununua vitunguu. Hilo silipingi, vitunguu lazima vinunuliwe. Ninacholalamikia ni kwamba tangu aamue kujiunga na kongamano moja la kimataifa la sayansi huko Ulaya, nyumba yetu hapa Malindi imegeuka ofisi ya kongamano hilo, na mimi, mjomba mtu, nimekuwa karani asiye na mshahara.

Nafasi anayoiomba ni ya wanasayansi chipukizi, umri usizidi miaka 35. Nilimwambia, mwanangu, mchicha ukichipuka miaka thelathini na kitu huo si mchicha tena, ni mti, na watu wamekwisha kufunga mbuzi hapo. Akanitazama kwa huruma na kunipa fomu nimsomee kama Kiingereza chake kimekaa sawa.

Swali la kwanza: eleza kwa maneno 300 jinsi utafiti wako utakavyoinufaisha jamii yako. Haya. Utafiti wake ni wa nyota mbili zinazozungukana, moja ikiwa imekufa zamani na kusinyaa hadi upana wa kilomita 20 hivi, masafa ambayo matatu ya Watamu huyamaliza kabla utingo hajarudisha chenji. Hii iliyokufa humnyonya mwenzake aliye hai. Gesi inayonyonywa hupata joto la mamilioni ya nyuzi, kisha hutoa miale ya eksirei. Niliposikia habari za maiti anayemnyonya aliye hai nilidhani tumeanza kuzungumzia mirathi ya babu yake.

Na jamii yenyewe ndiyo hii. Jirani alipopata habari kwamba binti anasoma nyota, alikuja na jina la mchumba wa bintiye pamoja na jina la mama yake mchumba, atazamiwe. Mpwa wangu akamweleza kwa adabu kwamba yeye hushughulika na gesi. Jirani akaondoka akinung'unika kwamba kusoma kwingi nako ni maradhi. Mimi nilihesabu kimoyomoyo nauli iliyotoka pale mlangoni kwa miguu yake.

Baada ya kuvutana sana tukaandika habari za viwanja vya ndege. Kampuni ya Marekani ambako Riccardo Giacconi, baba wa elimu ya eksirei za angani, alifanyia kazi yake ya mwanzo, baadaye ilijulikana kwa mashine za eksirei za kukagulia mizigo. Kwa hiyo Mswahili anayekamatwa na chupa ya achari ndani ya begi amekwisha kunufaika na sayansi hii. Mpwa wangu alikataa kuiandika sehemu ya achari.

Kisha zikaja barua za wadhamini, mbili. Profesa mmoja alijibu kwa mstari mmoja: iandike mwenyewe, mimi nitatia sahihi. Nimeambiwa ndivyo wafanyavyo wengi wenye shughuli. Binti akaketi usiku kucha kujisifu, asubuhi akanionyesha barua inayosema yeye ni mtafiti "mwenye bidii ya kuridhisha". Bidii ya kuridhisha! Hayo ni maneno ya kumwandikia mlinzi unayemwachisha kazi. Nikamwambia aniachie mimi. Nimeandika tanzia nyingi katika maisha yangu ya magazeti, na kama kuna fani inayofundisha kumsifu mtu bila aibu ni hiyo. Profesa alitia sahihi bila kubadili hata nukta. Shida ni kwamba kwenye aya ya mwisho nilikuwa nimeandika ameacha pengo lisilozibika.

Lakini yote hayo ni mzaha ukilinganisha na viza. Ada ni Euro 90, na ukinyimwa hurudishiwi. Bima ya safari nayo isipungue Euro 30,000. Miaka yote aliyokaa hapa hakuna aliyewahi kumthamini mpwa wangu kiasi hicho, hata wale waliokuja kumposa. Halafu taarifa za benki za miezi kadhaa. Akaunti yake ilipotoka kwenye printa, karani wa saiba aliona haya akatutoza karatasi moja badala ya tatu. Na juu ya yote, uthibitisho kwamba atarudi: ana mume? Ana watoto? Ana shamba? Hana. Ana nyota mbili, moja maiti. Dada yangu, ambaye siku zote hizo alikuwa kimya jikoni, hapo ndipo alipoingia na kuuliza kwa sauti ya upole kama si rahisi zaidi binti aolewe tu, kwa ajili ya sayansi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo damu yangu huchemka. Hiyo elimu anayotakiwa kuifuata Ulaya kwa magoti ilipaa kutoka hapa kwetu. Nendeni Ngomeni mkaangalie baharini, jukwaa la San Marco la Waitaliano lipo pale. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi iliondoka hapo na setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani peke yake. Miale hiyo haipenyi hewa yetu, lazima uifuate huko juu, na walichagua hapa kwa sababu karibu na ikweta dunia yenyewe huipiga roketi teke inapozunguka. Kwa heshima ya siku ile wakaiita Uhuru. Ndiyo iliyosaidia kukifumbua kitu kinachoitwa Cygnus X-1, ambacho wataalamu wanakiamini leo kuwa shimo jeusi. Mwaka 2002 Giacconi akapewa Nobeli.

Walipokuja kufanya hayo, ni nani katika Malindi nzima aliyewauliza Waitaliano taarifa za benki? Nani aliyetaka kujua kama watarudi kwao? Na hawakurudi! Waliofuata nyuma yao wamejenga, wamefungua maduka ya aiskrimu, wamefundisha vijana wetu wa ufukweni kutongoza kwa Kiitaliano. Siwachukii, aiskrimu yao naila. Nasema tu kwamba kama kuna watu wenye rekodi mbaya ya kurudi nyumbani, si sisi.

Mpwa wangu hapendi nikianza hotuba hii. Anasema mambo yanabadilika, na kwamba Agosti 2024 Muungano wa Kimataifa wa Astronomia ulifanya mkutano wake mkuu Cape Town, mahali ambapo Mkenya haombi viza. Kweli. Muungano huo ulianzishwa 1919. Walichukua miaka 105 kuifikia Afrika, na mwaka huo yeye alikuwa bado amefungiwa ndani na tasnifu.

Basi kongamano limemkubali. Chakula na malazi juu yao. Ikabaki karatasi ya mwisho, barua ya chifu kuthibitisha kwamba anafahamika hapa. Tulikwenda wote watatu, dada yangu akiwa amevaa kanga yake ya kwenda kwa wakubwa. Chifu alisoma mwaliko taratibu, akaugeuza nyuma na mbele, akauliza swali moja tu.

"Huko kuna posho?"

"Hakuna, Chifu," mpwa wangu akajibu.

"Hata ya kukaa kikaoni?"

"Hata hiyo."

Chifu akavuta muhuri wake. "Huyu lazima atarudi," akasema, na kuugonga.