Hali ya Hewa ya Gereji

Hali ya hewa ya Singida hutangazwa na mamlaka mbili. Ya kwanza ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inayotangaza redioni. Ya pili ni fundi wangu wa magari, anayetangaza akiwa chini ya gari, miguu tu ikionekana. Ya kwanza hutumia vipimo. Ya pili huangalia spea: spea ikikosekana mjini, hali ya hewa hubadilika mara moja ili spea isihitajike.

Asiyeijua Singida atadhani natania nikisema baridi. Mji wetu uko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, umekaa kati ya maziwa mawili ya maji chumvi, Singidani na Kindai, na kuzungukwa na mawe makubwa ambayo hakuna anayekumbuka nani aliyapanga. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane upepo hauombi ruhusa. Alfajiri joto hushuka hadi nyuzi kumi na kitu, na huo upepo unaongeza baridi juu yake. Watu wa Makete wanaoona jalidi watatucheka, na wacheke. Sisi tunaoga kwa ndoo saa kumi na moja alfajiri, tunajua tunachosema.

Gari langu ni dogo, la otomatiki, mtumba wa Kijapani. Mwaka mmoja nilikuwa semina Dodoma, gari likabaki mikononi mwa shemeji, mdogo wa mume wangu, ambaye hana leseni lakini ana maoni. Akalipeleka gereji kumwaga oili. Niliporudi nilikuta limemwagwa oili na kupunguziwa kiungo.

"Madam," fundi alinieleza, huku akimtazama shemeji, kwa kuwa mambo ya magari huelezwa mwanamume hata kama gari si lake, "hizi gari zimetengenezwa kwa ajili ya nchi za barafu. Hiki kidude kinazuia maji yasizunguke. Huku kwetu Afrika ni joto. Hakina kazi."

Shemeji alitikisa kichwa kwa hekima. Kidude chenyewe, themostati, kilikuwa kimeshatiwa kwenye kopo la rangi pamoja na ndugu zake waliotolewa katika magari mengine. Kopo lilikuwa limejaa. Kwa hesabu ya kopo lile, nusu ya magari ya mji yalikuwa yanaishi Afrika na nusu yalikuwa bado hayajafika gereji.

Sasa tuongee kidogo kuhusu hicho kidude kisicho na kazi. Themostati ni mlango wa maji ya injini. Ndani yake mna kidonge cha nta. Injini ikiwa baridi nta imeganda, mlango umefungwa, maji hayaendi kwenye rejeta. Injini inapata moto upesi. Maji yakifika nyuzi 80 na kitu, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma mlango, na maji yanakwenda kupozwa. Haina waya, haina betri, haidai mshahara. Ukiitoa, maji yanapita rejeta tangu dakika ya kwanza, na injini inasafiri katika upepo wa Singida bila kupata moto wake kamili. Inakula petroli zaidi, na oili yake haifiki kwenye joto ililopangiwa.

Yote hayo ningeweza kuyavumilia, maana petroli ni pesa tu na pesa huwa haipo hata bila themostati. Kesi ilikuwa kwenye giaboksi.

Giaboksi ya otomatiki haiendeshwi na mkono wa mtu. Inaendeshwa na mafuta. Mafuta hayo, ambayo mafundi wetu huyaita hydroliki, ndiyo yanayobeba nguvu ya injini, ndiyo yanayokaza klachi za ndani, ndiyo yanayolainisha, na ndiyo yanayoondoa joto. Kazi nne, mfanyakazi mmoja, na kila moja inategemea wepesi wake. Hydroliki nyingi za aina ya zamani zina mnato wa 30 na kitu kwenye nyuzi 40, na hushuka hadi kama 7 zikifika nyuzi 100. Baridi ikizidi, mnato unapanda kwa kasi. Mwenye jiko anaelewa bila vipimo: mawese ya Kigoma ukiyaacha dirishani usiku wa Julai, asubuhi unayachota kwa kijiko, wakati alizeti yetu ya Singida bado inamiminika. Hydroliki haigandi namna hiyo kwa baridi yetu, lakini asubuhi inakuwa nzito na mvivu kiasi cha kuchelewesha gia.

Wahandisi waliliona hilo zamani. Giaboksi ya kwanza ya otomatiki kuuzwa kwa wingi, Hydra-Matic ya General Motors, iliingia sokoni katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, na Michigan, magari hayo yalikotengenezwa, ina baridi ya kuvunja jino. Mafuta mazito hayapendi kupita kwenye vijia vyembamba vya kipozeo, na katika giaboksi nyingi yanayotoka kwenye kipozeo ndiyo yanayorudi kulainisha gia. Yakikwama huko, gia zinasagana kavu. Kwa hiyo magari mengi yamewekewa valvu ndogo ya mchepuko. Nyingine ni ya springi: shinikizo likipanda, inafunguka na kuyarudisha mafuta moja kwa moja bila kupitia kipozeo. Nyingine ni ya nta, binamu wa themostati: mafuta yakiwa baridi inayazungusha njia fupi, yakipata moto inayatuma kupozwa.

Gari langu dogo halina ufahari huo. Lenyewe linategemea ujirani. Kibomba cha hydroliki kimelazwa ndani ya tangi la chini la rejeta, kikizungukwa na maji ya injini. Maji yakishapata moto wake, hydroliki haiwezi kupoa kupita kiasi. Hydroliki ikichemka, maji yanalipunguza joto lake. Na kompyuta ya gari nayo ina msimamo: maji yasipofika nyuzi hamsini au sitini hivi, haitoi gia ya juu kabisa. Inasubiri. Ina subira ya ajabu kompyuta ile.

Hii ndiyo subira tuliyosafiri nayo Julai kwenda harusini Igunga.

Tuliondoka alfajiri. Mbele mimi na mama mkwe, nyuma shemeji na wifi zangu wawili, na kwenye buti kuku wanane wa kienyeji wa Singida, wamefungwa miguu, zawadi ya bibi harusi. Kitaa cha bluu kwenye dashibodi, kile kinachosema injini bado baridi, kilikuwa kinawaka. Tukapita Iguguno kikiwaka. Gari likifika kilomita 80 kwa saa linalia kwenye gia ya tatu, linaomba ya nne, halipewi.

Safari ya familia ikipata hitilafu hakuna anayebaki abiria. Wote wanakuwa mafundi. Wifi mkubwa alisema ni mafuta machafu ya sheli fulani. Wifi mdogo alisema gari limechoka, kama ambavyo mwenye gari naye anaonekana amechoka. Shemeji alisema, "Shem, endesha tu, linafunguka kifua." Mama mkwe, ambaye hajawahi kushika usukani lakini amelea watoto saba, alisikiliza mlio ule kwa makini akasema, "Mwanangu, hili gari linasikia baridi. Lifunikeni."

Tulicheka. Misigiri tulisimama, shemeji akakata boksi, akaliziba nusu ya rejeta kwa mbele. Tulipoondoka hatukufika mbali, kitaa cha bluu kikazimika, gari likavuta pumzi, likaingia gia ya nne. Mama mkwe hakusema neno hadi Igunga. Hakuhitaji. Lakini nilimsikia akiwaambia kuku.

Tuwe wakweli, mahali pamoja fundi alipata utetezi. Tulipofika kichwani mwa Mlima Sekenke, pale barabara inapoporomoka kutoka uwanda wa Iramba kuelekea Shelui na mbuga ya Wembere, boksi tulikuwa tumeshalitoa, kitaa kimewaka tena, na gari limegoma tena kwenye gia ya tatu. Kwenye mteremko huo, gia ndogo ndiyo inayotakiwa. Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, Rwanda na Burundi huteremka hapo kwa gia nzito na dua nyepesi. Sisi tuliteremka kwa utulivu mkubwa, injini ikituzuia, na shemeji akatangaza kwamba fundi aliona mbali.

Harusi ilikuwa nzuri. Kuku walifika saba. Wa nane alitaga njiani, akasamehewa na kurudi nyumbani na cheo cha mama.

Niliporudi nilidai themostati yangu. Fundi aliingiza mkono kwenye kopo, akanipa iliyokuja juu. Haikuwa yangu, haikuingia. Nikaagiza mpya, ikafungwa, kitaa cha bluu kikarudi kuzimika kwa wakati. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha.

Mwezi wa kumi, maji ya rejeta yakageuka rangi. Yalikuwa mazito, ya pinki, yenye povu. Kibomba cha hydroliki ndani ya rejeta kilikuwa kimetoboka. Miaka ya kujaziwa maji ya bomba badala ya kulanti, maji maalumu ya rejeta, ilikuwa imekila, na maji na mafuta vimeoana. Maji yakiingia kwenye giaboksi, klachi zake hazidumu. Dawa ni rejeta nyingine, kusafisha mfumo na kumwaga hydroliki yote.

Nilikuwa darasani, shemeji akalipeleka gari. Jioni nilikuta hydroliki mpya, na rejeta ile ile. Fundi alikuwa amechomoa mipira miwili ya hydroliki kwenye rejeta na kuiunganisha yenyewe kwa yenyewe, kwa bomba fupi na klipu mbili. Mafuta yanatoka giaboksi, yanazunguka kidogo, yanarudi giaboksi. Hayapozwi popote.

"Hydroliki itachemka," nilisema.

Fundi aliniangalia kwa huruma. "Madam, Singida hii? Hapa ni baridi. Upepo wote huu! Upepo utapoza."

Naomba msomaji asimame hapa kidogo anisaidie. Mwezi wa saba, alfajiri, wakati kuku wanatetemeka, Singida ilikuwa Afrika ya joto. Mwezi wa kumi, wakati lami inanata kwenye viatu, Singida imekuwa nchi ya baridi. Gereji ni ile ile, fundi ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza alikuwa anatoa kitu, na mara ya pili hakuwa na kitu cha kuweka.

Nikaagiza rejeta nyingine Dodoma. Kabla haijafika, shemeji alipata dharura Igunga na funguo alizijua zilipo. Kuteremka Sekenke hakukuwa na neno. Kurudi ndiko kulikuwa na maneno. Gari likipanda mlima taratibu na mzigo, joto kubwa la giaboksi huzaliwa ndani ya kile kibuyu cha mafuta kinachoiunganisha na injini, na joto hilo lazima liende mahali. La kwetu halikuwa na pa kwenda. Katikati ya mlima, kwa maelezo ya shemeji, gari lilianza kuvuma bila kusogea, kisha likatoa harufu ya kitu kilichoungua ambacho si chakula. Akaegesha. Akasubiri lipoe. Akapigwa jua la saa nane akiwa amesimama karibu na jiwe, akingoja ule upepo aliohakikishiwa.

Hydroliki ilipomwagwa ilikuwa nyeusi. Fundi aliinusa, akafikiri, akatoa taarifa ya hali ya hewa: "Siku ile Sekenke hakukuwa na upepo."

Kwa haki, ubishi huu si wa Singida peke yake. Marekani kuna wenye pikapu kubwa wanaoitoa au kuigeuza kwa makusudi ile valvu ya nta, wakilalamika kwamba inachelewa kufunguka na mafuta yanakaa moto mno wanapovuta tela. Huenda wana hoja; mashine hutengenezwa na watu. Lakini wao hupima joto la mafuta kwanza, wakatazama namba, ndipo wakashika spana. Kwetu spana hutangulia, namba hufuata, na bili huwa ya mwisho.

Basi, wewe mwenye gari la otomatiki huku uwandani, zingatia machache. Asubuhi ya baridi usilikimbize gari mara linapowaka. Liendeshe polepole kilomita chache za mwanzo. Tumia hydroliki iliyoandikwa kwenye kijiti chako cha kupimia au kwenye kitabu cha gari, si ile iliyobaki dukani. Jaza kulanti kwenye rejeta, maji ya bomba yaache kwa mchicha. Kila kinachotolewa kwenye gari lako, dai upewe mkononi. Na fundi akikuambia kidude fulani hakina kazi, mwombe kwanza akueleze kilikuwa kinafanya kazi gani. Akishindwa, aweke spana chini.