Kumsifu Mheshimiwa Cheti

Watu wamesifu ziwa, wamesifu mwezi, wamesifu hata mihogo ya kuchoma. Hakuna aliyewahi kukaa chini akamsifu Cheti. Nasema Cheti cha Afya, ile karatasi inayoapa kwamba samaki huyu, maziwa haya au nyama hii ya mkebe imetoka kwa mnyama mzima na imetayarishwa mahali safi. Hapa Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, Cheti akitajwa watu hukunja uso, hasa akina mama wanaongoja mzigo ufukweni huku jua likiwachoma utosi. Leo nimekuja kumtetea.

Tuanze na ukoo, maana mheshimiwa husifiwa kwa ukoo kwanza. Cheti si mtoto wa kuokotwa. Mwaka 1920 ng'ombe wenye nundu kutoka India walipitia Antwerp, bandari ya Ubelgiji, safari yao ikiwa ni ya Brazil. Walikuwa wapita njia tu, lakini waliacha sotoka nyuma yao. Ng'ombe wa Ubelgiji wakaanza kufa, Ulaya ikashtuka, na Januari 1924 nchi 28 zikaunda huko Paris shirika la kupashana habari za maradhi ya wanyama. Sotoka hiyohiyo ilikuwa imeshafagia mifugo ya Afrika Mashariki miaka ya 1890, wafugaji wakafa njaa, wala hakuna aliyeitisha mkutano Paris. Ilibidi ugonjwa ubishe hodi kwa Mbelgiji, bwana wetu wa siku zile. Kanuni za shirika hilo ndizo zilizomlea Cheti. Basi Cheti ni wa ukoo ule uliotutawala, na ndiyo maana hapendi kuharakishwa.

Na kazi ilifanyika, tusimnyime haki. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka ya ng'ombe imekwisha duniani. Kweli, kazi ngumu ilifanywa na chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright na wenzake pale Muguga, Kenya, lakini kwenye sherehe karatasi ndiyo hukaa viti vya mbele.

Sasa muujiza wake mkubwa. Ziwa Tanganyika limegawanywa kwa nchi nne: Kongo asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Dagaa hajui hesabu hiyo. Akinaswa na taa za wavuvi wetu, huyo ni chakula. Anashushwa, anaanikwa mchangani, kesho yake yuko sahanini na ugali wa muhogo, na hakuna aliyemwuliza habari za afya yake. Ndugu yake wa kundi lilelile akinaswa upande wa pili, akaanikwa kwenye mchanga wa Kigoma na kupakiwa boti kuja Baraka, huyo ni bidhaa ya wanyama kutoka nchi za nje. Atatakiwa cheti cha afya, cheti cha asili, kibali cha kuingizwa, na ukaguzi akishafika. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani upande wake, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaa kwa amani. Hakuna aliyeweza kuwaambia wazazi hao wasivuke kuja kututembelea. Wafalme wamehamisha mipaka kwa vita na damu nyingi. Cheti peke yake ndiye aliyemfanya dagaa kuwa mgeni ndani ya maji aliyozaliwa.

Na ni msomi! Akitoka Tanzania anazungumza Kiingereza. Ofisi anazoingia hapa zinaandika Kifaransa. Mwenye boti, mpakuzi, mama mwenye gunia na mlinzi wa ghala wote wanasema Kiswahili, na wakigombana wanahamia Kibembe. Kwa hiyo Cheti anapita katikati ya umati mzima na asieleweke na yeyote, kama askofu wa zamani aliyesoma misa kwa Kilatini, na heshima yake inazidi hapohapo.

Wakarimu wa dunia hii wahesabiwe, naye atakuwamo. Mkebe wa sardini hulisha mtu mmoja, wawili wakiwa na adabu. Karatasi ya sardini hulisha meza kadhaa, maana kila muhuri una bei yake na kila bei ina mwenyewe. Amri ya rais ya 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne tu za kukaa mipakani: forodha, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa (OCC), usafi na uhamiaji. Nne. Anayeshuka ufukweni siku ya mzigo ahesabu mwenyewe waliokuja kumwamkia mgeni.

Wazee watasema zamani watu walivuka bila haya yote. Ni kweli, na matokeo yake tuliyaona. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akashukia Kibamba, huku kwetu Fizi, na wenzake na silaha zao, asionyeshe hata kipande cha karatasi. Kufikia Novemba mwaka uleule alikuwa ameshaondoka, mapinduzi yamemshinda. Angebeba mikebe ya nyama, ningependa kujua angekaa ufukweni siku ngapi akingojea muhuri, na historia ya Kongo ingekwenda njia gani.

Lakini sifa inayonigusa zaidi ni heshima anayompa mnyama. Tazama kopo la maziwa ya unga. Lina tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa, namba ya kundi, jina la kiwanda, nchi ya asili. Raia aliyelishika mkononi je? Sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika mwaka 1984, na kwa miaka mingi kitambulisho chetu kimekuwa kadi ya mpiga kura. Ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa ng'ambo ya bahari anajulikana na serikali kuliko mwenye kunywa maziwa yake. Wala usiseme habari za mbuzi wetu wenyewe: mwaka 2012 FAO ilipiga yowe kwamba sotoka ya mbuzi na kondoo inaua mifugo Kongo, na ugonjwa ule haukupanga foleni popote.

Wapo wanaomlinganisha Cheti wetu na wa wenzetu, kwa nia mbaya. Wabembe wengi waliokimbia vita mwaka 1996 walikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na baadhi yao sasa wako Marekani. Kule nyama ya porini iliyokaushwa kwa moshi haiingii hata kipande, ila samaki mkavu wa kula nyumbani kwa kawaida hupita, mradi msafiri aseme mapema kwamba anaye. Umoja wa Ulaya nao hauruhusu nyama wala maziwa kwenye sanduku la abiria, lakini samaki wa kula mwenyewe wanapita hadi kilo 20, bila cheti. Kwa hiyo dagaa anaingia Brussels kirahisi kuliko Baraka. Nitajibiwa kwamba kule ni chakula cha nyumbani na hapa ni biashara. Haya. Mama mwenye gunia moja, ambaye nusu atauza na nusu watoto watakula, awekwe upande gani? Sheria zinamjua mwenye kontena na zinamjua abiria. Yeye amekaa juu ya gunia lake, katikati, na analipa kama mwenye kontena.

Nisimalize bila ombi kwa wakubwa. Mara nyingi nimeona karatasi ikisomwa, ikageuzwa, ikainuliwa kwenye mwanga, ikagongwa muhuri, na gunia lisifunguliwe wala kunuswa. Kama ni hivyo, Cheti asafiri peke yake. Apande boti ya Kigoma asubuhi akiwa amefungwa kwenye nailoni, apokewe ufukweni na wote wanaotaka kumpokea, akae nao hata wiki. Dagaa wapitie njia nyingine, wafike wangali wanalika.