Hevi Metali Uani Kwangu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi si siku ya kumletea mtu wa Nkungu, huku Rwanda, habari mpya. Asubuhi nzima nilikuwa kwenye umuganda, kazi yetu ya pamoja ya kila mwezi, nimeinamia jembe, nazibua mtaro ambao mvua itauziba tena kabla ya Jumanne. Kisha nikakaa kwenye mkutano wa baada ya umuganda, ambao kwa mgongo wangu ni kazi kuliko umuganda wenyewe. Nilirudi nyumbani nikiwa na haja tatu tu: maji ya moto, sahani ya sombe, na kimya. Maji niliyapata. Sombe niliipata. Kimya nilikikuta kimeshapangishwa mtu mwingine.

"Mjomba," akasema mpwa wangu, "leo jioni bendi yetu ina tamasha. Hapa hapa uani."

Mpwa wangu huyu alikuja kwangu kukaa kidogo baada ya kumaliza shule. Huu ni mwezi wa tisa wa hicho kidogo. Nilikuwa najua ana rafiki wawili wanaovaa fulana nyeusi kwenye jua la saa saba mchana, lakini nilidhani wamefiwa. Kumbe ni bendi.

"Bendi ya nini?"

"Hevi metali, mjomba. Lakini leo tunapiga akustika. Tamasha la faragha."

Chuma kizito ninachokijua mimi ni jiko la mama watoto, na hilo halijawahi kuomba uwanja wa kuimbia. Nikamwomba anieleze, kosa ambalo sitalirudia. Nilielezwa kuanzia Birmingham mpaka Nairobi. Nikaambiwa hata Afrika Mashariki tumo: kuna vijana wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, walioanzisha kundi linaloitwa Duma, na mwaka 2020 albamu yao ikatolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Nikasema vizuri, duma ni mnyama mwenye mbio. Akasema hapana, mjomba, hilo ni neno la Kikikuyu, maana yake giza. Giza! Kama sifa ni hiyo, Nkungu tungekuwa tumeshatoa bendi kumi.

Hapa inabidi niseme neno kuhusu sola yangu. Juu ya bati nina paneli moja. Inawasha taa tatu, inalisha redio, na inachaji simu nne kwa zamu. Majirani huleta simu zao na kulipa faranga mia kila moja. Mpwa naye hulipa faranga mia, au tuseme angelipa kama angekuwa nayo, kwa hiyo namwandika kwenye daftari. Mpaka Jumamosi ile alikuwa amefika faranga elfu nne na mia tatu. Watu huniuliza, hata mtoto wa dada yako? Nawajibu: undugu ni undugu, betri ni betri.

Basi akanionyesha kwenye simu mfano wa tamasha analolitaka. Lilikuwa la Metallica, San Francisco, tarehe 3 Novemba 2018, katika ukumbi unaoitwa Masonic. Hawa ni watu waliojenga jina kwa kutetemesha viwanja vya mpira, na siku hiyo walishika magitaa ya mbao kama wanakwaya, wakachangisha zaidi ya dola milioni moja kwa mfuko wao wa hisani. Nikauliza ukumbi wenyewe unaingiza watu wangapi. Elfu tatu na ushee. Faragha ya watu elfu tatu! Mimi na mama watoto tumekuwa tukitafuta faragha ya watu wawili tangu tuoane, na bado hatujaipata.

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuonja wimbo wa pili, simu ikafa. Tamasha lisilohitaji umeme likazimika kwa kukosa umeme. Mpwa akaitazama sola. Mimi nikalitazama daftari. Hakuna aliyesema kitu.

Nikatumia nafasi hiyo kumweleza kwamba hao wazungu wanatudanganya. Wanasema wamechomoa waya, lakini maikrofoni ina waya, taa zina waya, kamera zina waya. Akacheka, akanipa ushahidi zaidi kwa mikono yake mwenyewe. Nirvana, ambao aliapa mara tatu kwamba si metali, walipiga tamasha la namna hiyo New York tarehe 18 Novemba 1993. Mwimbaji wao, Kurt Cobain, alishika gitaa la mbao mbele ya watu, kumbe sauti inapitia kwenye amplifaya yake iliyofichwa ndani ya boksi. Mwaka 2020 gitaa hilo liliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya dola milioni sita. Milioni sita! Na mimi faranga mia tu naitwa mnyonyaji.

Sisi huku tulishayafanya hayo bila mbwembwe. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, alipita Jadotville, mji wa Kongo unaoitwa sasa Likasi, akamrekodi kijana mmoja anayeitwa Mwenda Jean Bosco. Gitaa moja, vidole viwili vitatu, maneno ya Kiswahili, na Afrika nzima ikageuza shingo. Hakuna aliyeita akustika. Liliitwa gitaa. Na ukivuka mto Ruhwa kuingia Burundi, kuna wazee wanaopiga inanga, ubao uliochongwa kama karai refu, na kamba moja iliyopitishwa juu yake kwenda na kurudi. Mpigaji haimbi, ananong'ona, mpaka huwezi kujua ni kamba inayosema au ni mzee. Ukitaka kumsikia unasogea, unakaa, unafunga mdomo. Hiyo ndiyo faragha. Na boksi la kuficha amplifaya hakuna.

"Ndiyo maana tunataka kupigia uani kwako, mjomba," akasema mpwa, na mama watoto, ambaye alikuwa akisikiliza mlangoni, akasema watoto wapige, yatakwisha.

Saa kumi na mbili na nusu jioni wakaanza. Hadhira: watu kumi na mmoja na mbuzi. Ala: gitaa moja la mbao lenye nyuzi tano, jerikani mbili za njano, moja tupu na moja ya nusu ili zitofautiane sauti, na sufuria yangu. Nasisitiza, yangu. Bendi haina jina, kwa sababu kila jina walilopendekeza mama wa mpiga jerikani alilikemea kwa jina la Yesu.

Mpwa akafumba macho, akavuta pumzi, akatoa sauti. Wasomaji, nimelea watoto wanne na nimechinja mbuzi wa sikukuu nyingi, lakini sauti ile sikuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu mwenye afya. Ilianzia chini ya kitovu, ikakwaruza njiani kote. Bibi jirani aliyekuwa kwenye kiti cha mbele akainuka na kikombe cha maji, akampelekea. Mpwa akanywa, kwa heshima, akaendelea.

Sasa, kwenye vilima vyetu hakuna kitu kinachoitwa faragha. Ukikohoa huku, ng'ambo ya bonde wanakuambia pole. Haikupita dakika, mzee mmoja akapaza sauti kutoka kilima cha pili:

"Nyie huko! Ng'ombe wenu anazaa?"

"Hapana, mzee!" nikajibu. "Ni muziki!"

Kimya kidogo.

"Kama ndama ametanguliza miguu, nimtume kijana akamwite veterineri!"

Wimbo wa kwanza uliishia hapo, si kwa mzee tu, bali pia kwa sababu mpiga jerikani alikuwa ametoboa ile tupu. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini likitobolewa, linaacha. Wakati wanatafuta dumu lingine, mpwa akaamua kuhutubia, na nakiri alisema jambo lililonifanya niweke chini kikombe changu cha urwagwa, pombe yetu ya ndizi.

Alisema muziki huu ulianza na ajali ya kazini. Tony Iommi, kijana wa Birmingham wa miaka kumi na saba, alikuwa kwenye kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye ni mashoto, kwa hiyo hivyo ndivyo vidole vya kubania nyuzi. Akakata tamaa. Bosi wake akamletea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa ambaye moto ulimharibu mkono mwaka 1928 na akaendelea kupiga kwa vidole viwili tu. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea kofia za vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, baadaye akazilegeza zisimuumize. Nyuzi zikilegea, sauti inakuwa nzito. Hapo ndipo Black Sabbath, bendi yake iliyotoa albamu ya kwanza mwaka 1970, walipopata mngurumo wao.

"Kwa hiyo, wazee wangu," akamaliza, "Django alipiga gitaa la mbao kama hili. Bila yeye, hakuna metali."

Nikajikuta natikisa kichwa kukubali. Kijana amesoma. Mtu aliyejifanyia vidole kwa chupa ya plastiki huyo ni ndugu yetu kabisa. Hapa kwetu hakuna kitu kinachotupwa kabla hakijawa kitu kingine mara tatu. Nilifikia hatua ya kuwaza kwamba kwenye lile daftari ningeweza kumpunguzia, tuseme, faranga mia mbili.

Ni bibi jirani aliyeniharibia.

"Mwanangu," akasema, "sauti unayo. Lakini hatusikii unachosema. Punguza, utuambie."

Watu wakaitikia, ndiyo, punguza. Hata mimi, kwa ujinga wangu, nilisema punguza. Nilisema kwa sauti kubwa. Mashahidi wapo.

Mpwa akasita. Akamtazama mwenzake, akauvuta uzi mmoja polepole, mwingine ukafuata. Akaimba wimbo ule ule wa mwanzo, lakini sasa chinichini, kama mzee wa inanga. Watu wakasogea. Mbuzi naye akasogea. Kwa mara ya kwanza tukasikia maneno, na yalikuwa ya Kiswahili safi.

Wimbo ulikuwa wa mtu anayeuza jua. Mungu amelitoa bure, linawaka juu ya vilima vyote, lakini kuna mzee mmoja amepanda kwenye bati lake akalikamata, na sasa analipima kwa faranga mia mia. Ubeti wa pili ulikuwa na daftari. Daftari lenye jalada la buluu. Langu lina jalada la buluu. Kwenye kiitikio yule mzee anakufa, anafika mbinguni, anakuta ni giza, na malaika mlangoni anamwambia alete sarafu.

Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Watu kumi wa wale kumi na mmoja ni wateja wangu. Wa kumi na moja ni mke wangu, na ndiye aliyekuwa akiimba kiitikio.

Ikabidi nipige makofi pamoja na wengine. Ungefanya nini? Ukikasirika, umekiri. Kutoka ng'ambo ya bonde, yule mzee wa ndama akapaza sauti: "Huo mzuri! Rudieni!" Wakarudia mara mbili.

Ndiyo nikaelewa kwa nini watu hawa wakubwa huwa wanapiga kwa kelele zile. Kelele ni stara. Chini ya mngurumo ule mtu anaweza kumtukana mjomba wake mwaka mzima na mjomba akadhani ni ng'ombe anayezaa. Ukichomoa waya ndipo unasikia unachosemwa.

Tangu siku ile majirani wanaleta simu kama kawaida. Wanasalimia kwa adabu, wanaweka sarafu mezani, hawadai hata chenji. Lakini wakishageuka kuelekea njiani, nasikia kiitikio kikinong'onwa, akustika kabisa, kutoka mgombani kwangu mpaka ng'ambo ya bonde.

Jumatatu nilipanda pikipiki mpaka mjini Kamembe kuuliza bei ya amplifaya. Muuzaji akaniuliza nataka ya ukubwa gani. Nikamwambia kubwa kuliko zote alizonazo, na isiwe inayotoa maneno vizuri.