Samaki Juu ya Ubao: Barua kutoka Seattle

Kwa Mjomba, na jamaa wote mlioko Lamu,

Baada ya salamu nyingi na dua za heri, nawaarifu kuwa mimi ni mzima, na kwamba katika ajabu za mji huu iliyonishughulisha zaidi si maghorofa yake wala mvua yake isiyojua adabu, bali ni ada ya watu wake kumlaza samaki juu ya ubao mithili ya mgonjwa kitandani, kisha kuutia ubao na samaki wake motoni, na hapo kusimama na chupa ya maji mkononi wakichunga ukuni huo usije ukawaka.

Samaki mwenyewe ni samoni, mwenye mnofu wa rangi ya chungwa na mafuta tele, na ubao ni wa mwerezi mwekundu, mti umeao kwa wingi katika pwani hii. Wenyeji wa asili, kaumu za Coast Salish, tangu zama za kale humbana samaki huyo kwa vijiti wakamsimamisha kando ya moto, yaani humbanika, na hilo nililifahamu bila ya mkalimani. Huu ubao ndio ulionirudisha chuoni.

Jirani yangu, mtu karimu aliyejitwalia wadhifa wa kuwa mwalimu wangu, alinifunza kuwa ubao hauna budi kurowekwa saa nzima au zaidi, nao umekandamizwa kwa jiwe kwani mwerezi huelea. Ya kuwa ukisharowana hutoa mvuke na moshi wa harufu njema badala ya ndimi za moto. Ya kuwa jiko liwe uani, lifunikwe, na mpishi asilipe kisogo. Wala samaki hahukumiwi kuwa ameiva kwa kutazamwa: hudungwa kipimajoto hata joto lifike nyuzi 63 za Selsiasi ndani ya mnofu, na kuku 74. Nikamkumbuka Shangazi, aliyepika umri wake wote kwa pua na kidole, nikaona heri sehemu hii asisomewe.

Elimu hiyo jirani aliitoa kwa ufasaha mkubwa, lakini siku ya karamu, wageni wamekwisha kukaa, akaiona saa ya kuroweka kuwa ndefu. Ubao ukaingia mkavu, ukashika moto pande zote, nasi tukala mkate na saladi huku mwenyeji akitueleza kwa nini kuroweka ni wajibu.

Jambo moja silifanyii mzaha. Ubao sharti uwe mtupu, usiopakwa rangi wala dawa. Mbao za ujenzi hapa zilikuwa zikitiwa dawa ya kromi, shaba na aseniki ili mchwa wasizile, na ijapokuwa viwanda viliacha kuitia katika mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, sakafu na nyua za zamani zingalipo, na moshi wake ni sumu, na jivu lake pia. Msonobari nao haufai, kwa wingi wa utomvu. Na ubao ukishatumika huzamishwa majini kabla ya kutupwa, maana kaa hujificha ndani yake.

Ama ladha, insafu yanilazimu nikiri kuwa ni nzuri, ingawa ndimu na pilipili huzitia kwa ubahili usio kifani.

Basi, Mjomba, kwa kuwa nakujua wewe na hamu yako ya mambo mapya, nakusihi usiende ufukweni ukaomba kipande cha jahazi kuukuu: ubao ule umenyweshwa sifa ya papa miaka na miaka, ukapakwa na deheni, na samaki atakayetoka hapo hata paka wa Lamu hawatamgusa.

Wasalaam,
Mpwa wako.