Haba na Haba Bila Kibaba

Watengenezaji wa muziki wa kielektroniki, yaani muziki unaoundwa kwa mashine na kompyuta, wameishika methali ya haba na haba hujaza kibaba kwa uaminifu unaostahili pongezi, kwa kuwa programu za leo huwaruhusu kurundika matabaka mia ya sauti, nao huona ni utovu wa adabu kuliacha hata moja likiwa tupu. Robert Hood wa Detroit, Marekani, alikosa uaminifu huo: mwaka 1994 alitoa Minimal Nation, kazi ya tekno, yaani muziki wa dansi unaoongozwa na pigo zito lisilokoma, ambamo ngoma ya mashine na kishazi kifupi cha kinanda hujirudia na kubadilika polepole, huku nafasi iliyo baina ya sauti ikiachwa ifanye kazi yake. Mantiki ya uchache huo ni nyepesi, maana sauti mbili zinazogombea masafa yaleyale hufunikana, na kuleta ya tatu si kuzipatanisha bali ni kuongeza mgomvi. Hata hivyo, mfuasi mpya wa uchache hutambulika kwa urahisi: hununua vinanda sita ili atumie sauti moja, hukihariri kimya kwa wiki tatu, kisha huifafanua kazi yake kwa maelezo marefu kuliko muziki wenyewe. Debe tupu, walisema wahenga, haliachi kuvuma; huyu amelipa fedha nyingi ili livume kistaarabu.