Mtulinga na Majalada

Ukianguka na baiskeli ukavunjika mtulinga, mfupa huomba wiki 6 hadi 12. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya Tanzania nayo ina huruma: siku 126 za ugonjwa katika miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, zilizobaki kwa nusu. Ofisini huruma hukomea kwenye “pole sana”. Baada ya hapo unakabidhiwa majalada ya mwezi mzima, uyabebe kwa mkono mmoja. Mhasibu, ambaye hata ngazi hapandi, anakufundisha kushika breki. Bosi naye anashangaa: mtu mzima hanunui gari? Amuulize aliyepanga mshahara. Ni yeye.